Jina Linaloitwa Katika Ukumbi wa Kusubiri

Kiswahili kimemwondolea mhudumu wa afya mzigo mmoja ambao wenzake wa lugha nyingi za Ulaya huubeba kila siku. "Mgonjwa amefika, anakohoa, hajala tangu jana": hakuna kiambishi katika maneno hayo kinachodai kujua kama mgonjwa ni mwanamume au mwanamke. Daktari anaweza kuandika ukurasa mzima wa faili, kuanzia historia ya ugonjwa hadi dawa alizoagiza, bila kuligusa jambo hilo. Tatizo huanza pale adabu inapoingia. Mtu mzima haitwi kwa jina tupu. Huitwa mama, baba, kaka, dada, mzee, na muuguzi aliyelelewa vizuri huona haya kumwita mgonjwa pasipo mojawapo ya maneno hayo. Kwa hiyo heshima yenyewe, ambayo kwa wagonjwa wengi ni faraja ya kwanza kabla ya dawa, huwa mtihani kwa mgonjwa ambaye kitambulisho chake kinasema hivi na nafsi yake inasema vile.

Chukua mfano ambao si wa mtu yeyote maalumu, ila wahudumu wengi wa vituo vya mijini watautambua. Kwenye benchi la kliniki ya kifua ameketi mtu aliyevaa gauni na mtandio. Amekohoa kwa wiki tatu, usiku anatokwa jasho, nguo zimeanza kumpwaya. Kadi yake ina jina la kiume alilopewa na wazazi, kwa sababu ndilo lililo kwenye kitambulisho cha taifa. Muuguzi anatokea mlangoni na kuita jina hilo kwa sauti, akitanguliza "kaka" kwa heshima. Hakuna anayeinuka. Anaita tena, kwa sauti zaidi. Mara hii mwenye gauni anainuka, na vichwa vyote vinageuka. Mmoja anacheka, mwingine anamnong'oneza jirani. Hatua kumi zinazomtenganisha na chumba cha daktari zinakuwa ndefu kuliko njia ya kwenda nyumbani. Anageuka, anatoka getini, anapanda matatu iliyojaa watu na madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua.

Hakuna aliyemfukuza. Muuguzi hakukusudia ubaya. Hata hivyo kifua kikuu, kama ndicho, kimerudi mtaani bila kupimwa, na kitakaa huko hadi mwenye nacho atakapozidiwa.

Kabla ya kuendelea, maneno yenyewe yanahitaji kupangwa, maana mengi hutumiwa ovyo. Jinsi ni maumbile ya mwili ambayo mkunga huyatazama mtoto anapozaliwa. Jinsia ni namna mtu anavyoishi na kutambulikana katika jamii akiwa mwanamume au mwanamke: jina, mavazi, kazi anazopewa, mahali anapoketi msibani. Utambulisho wa jinsia ni ufahamu wa ndani alio nao mtu kuhusu nafsi yake. Kwa watu walio wengi mambo haya matatu huenda pamoja kiasi kwamba hawana sababu ya kuyatenganisha, kama vile mtu mwenye viatu vinavyomtosha asivyoyafikiria miguu yake. Kwa wachache ufahamu huo wa ndani haulingani na kilichoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Vyombo vya habari vimezoea kuwaita "watu waliobadili jinsia", na makala haya yatatumia jina hilo kwa kuwa ndilo linaloeleweka, ingawa lina kasoro: wengi wao hawajabadili chochote mwilini, na wakiulizwa watasema kuwa kilichobadilika ni ile siku waliyoacha kuficha.

Huntha ni jambo jingine, na kulichanganya na hili ni kosa la kitabibu. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile, kromosomu au homoni zisizoingia moja kwa moja katika mafungu mawili yaliyozoeleka. Neno lenyewe limekuwamo katika Kiswahili kwa muda mrefu, likitoka Kiarabu, kwa sababu mafakihi walilazimika kulijadili kwa uzito: huntha arithi fungu gani, asimame safu ipi katika sala? Anayedai kwamba watu wa pwani hawakuwahi kufikiria mwili usiokaa katika mafungu mawili hajafungua vitabu vya mirathi. Ni kweli pia kwamba wanazuoni hao walizungumzia mwili, na suala la mtu ambaye mwili wake hauna utata ila nafsi yake inakataa ni suala tofauti. Kulipenyeza chini ya neno huntha ili lipate kukubalika kwa urahisi si uaminifu, na wagonjwa wa pande zote mbili hupata hasara.

Tiba yenyewe imechukua muda kufika ilipo. Katika toleo la kumi la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, hali hii iliwekwa miongoni mwa maradhi ya akili. Toleo la 11, lililopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani Mei 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, liliiondoa huko na kuiweka katika sura ya hali zinazohusu afya ya kujamiiana. Haikufutwa kabisa katika orodha, na kwa sababu nzuri: mtu anayehitaji huduma lazima awe na mahali pa kuandikwa. Kilichofutwa ni dhana kwamba kujitambua hivyo ni wazimu. Huzuni, woga na mawazo ya kujiua ambayo madaktari huyakuta kwa wagonjwa hawa kwa wingi kuliko kwa wengine ni ya kweli na yanahitaji tiba. Lakini mtu aliyefukuzwa nyumbani, akaachishwa shule na kupigwa njiani, hahitaji nadharia ngumu kueleza kwa nini analia.

Nchini Kenya suala hili limefika mahakamani zaidi ya mara moja, na mara nyingine lilianza na karatasi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilisikiliza kesi ya Audrey Mbugua, aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001 na kufaulu vizuri, kisha akaishi miaka mingi na cheti chenye jina na alama ya jinsia visivyomwelekea. Kila mwajiri aliyekitazama alimtazama na yeye, na mazungumzo yaliishia hapo. Oktoba mwaka huo Jaji Weldon Korir aliagiza Baraza la Mitihani limpe cheti chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Hoja ya hukumu hiyo ilikuwa nyepesi kueleweka: sheria hailazimishi alama hiyo iwepo, na kuiondoa hakupunguzi uzito wa alama alizozipata mtahiniwa.

Desemba mwaka huohuo mahakama ilishughulikia kesi ya mtoto huntha ambaye hospitali ya Nairobi alikozaliwa iliandika alama ya kuuliza mahali palipostahili kuandikwa jinsia. Alama moja ya kalamu, na mtoto hakuweza kupata cheti cha kuzaliwa. Katika sensa ya 2019 Kenya ikawa nchi ya kwanza Afrika kuwahesabu huntha. Waliojitaja walikuwa 1,524 kati ya watu 47,564,296. Mtaalamu yeyote wa uzazi atakuambia kwamba idadi halisi ni kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa anayehesabu alibisha hodi mbele ya jirani. Sheria ya Watoto ya 2022 ikaja kumtambua mtoto huntha na kuzuia upasuaji wa kubadilisha viungo vyake bila ushauri wa mtaalamu wa jenetiki. Kwa watu waliobadili jinsia hakuna sheria ya namna hiyo, na wengi wao wanaendelea kutembea na kitambulisho cha zamani.

Hapa ndipo hospitali inapotofautiana na baraza la mitihani, na ndipo watetezi wengine wa haki hukosea. Cheti cha mtihani hakihitaji kujua jinsi ya mtu. Hospitali, mara nyingine, inahitaji. Mwanamume aliyezaliwa na maumbile ya kike na ambaye hajafanyiwa upasuaji bado ana mlango wa kizazi, na mlango huo unaweza kupata saratani. Mwanamke aliyezaliwa na maumbile ya kiume bado ana tezi dume, hata baada ya upasuaji wa sehemu za siri, kwa kuwa kwa kawaida tezi hiyo haitolewi. Mhudumu anayenyamaza kwa kuogopa kuudhi atawakosesha wote wawili uchunguzi. Anayeuliza kwa kejeli atawafukuza kabla ya uchunguzi. Matokeo ni yaleyale.

Swali basi linapaswa kuulizwa na anayelihitaji, kwa wakati anapolihitaji, na mgonjwa aelezwe kwa nini. Karani wa mapokezi anahitaji jina la kuitia na jina la kwenye kadi ya bima, basi. Mlinzi wa getini hahitaji lolote. Daktari anayepima maumivu ya tumbo ya chini anahitaji kujua ni viungo gani vimo ndani ya tumbo hilo, na anaweza kusema hivyo kwa maneno hayohayo. Anayefunga jeraha la kidole hahitaji kujua. Na ni jambo la kusikitisha kwamba wagonjwa wa jeraha la kidole ndio huulizwa zaidi, kwa vile mhudumu ana nafasi ya kudadisi.

Mambo ya maabara nayo yana mitego yake. Hemoglobini ya 12.5 ni ya kawaida kwa mwanamke asiye mjamzito, ambaye kwake upungufu huhesabiwa chini ya 12. Kwa mwanamume mpaka ni 13, na majibu yaleyale yataandikwa upungufu wa damu. Mtu aliyezaliwa na maumbile ya kike anayetumia testosteroni kwa zaidi ya mwaka mmoja damu yake huwa imepanda kufikia viwango vya wanaume, tena inaweza kupanda kupita kiasi na kuwa nzito. Akiandikwa "mke" kwenye fomu, 12.5 yake itapita bila kuonwa, na kumbe anavuja damu mahali. Fomu yenye kisanduku kimoja haiwezi kubeba habari hii. Inabebwa na sentensi moja ya daktari kwa maabara: mgonjwa anatumia testosteroni tangu mwaka fulani.

Homoni zenyewe ndizo zenye hatari kubwa zaidi, na hatari hiyo huletwa hasa na kuzitumia kwa siri. Mahali ambapo huduma haipatikani, wanawake waliobadili jinsia hununua vidonge vya kupanga uzazi katika duka la dawa na kuvimeza vingi kwa siku, wakiamini kwamba wingi utaharakisha mabadiliko. Aina ya estrojeni iliyomo katika vidonge vingi vya namna hiyo inajulikana kwa kugandisha damu kwenye mishipa, na miongozo ya kimataifa inaikataza kwa kazi hii hata kwa dozi ndogo. Mguu mmoja unaovimba na kuuma kwenye shavu, pumzi inayokatika ghafla: mhudumu anayejua mgonjwa anameza nini atafikiria bonge la damu mapema. Asiyejua atatoa dawa ya misuli. Kwa upande wa pili, testosteroni si kinga ya mimba, hata kama hedhi imekatika, na ni dawa isiyofaa kabisa kwa ujauzito. Mwanamume anayelalamika kichefuchefu cha asubuhi anaweza kuwa mjamzito, na aliyewahi kukutana na hali hiyo hatacheka.

Turudi kwa mgonjwa wa kikohozi, kwa sababu kisa chake kina jambo ambalo halikuonekana benchini. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita na ndani yake kuna rifampisini. Dawa hii huchochea ini kuvunja estrojeni haraka. Mgonjwa akiwa anameza homoni kwa siri, baada ya wiki chache ataona mabadiliko aliyoyapata yanarudi nyuma, naye atafanya moja kati ya mawili: ataongeza homoni maradufu, au ataacha dawa za kifua kikuu. La kwanza linamweka kwenye hatari siku ile tiba ya kifua kikuu itakapokwisha na ini kurudi katika mwendo wake. La pili linaweza kuzaa kifua kikuu sugu, ambacho hakiulizi jinsia ya anayekivuta. Yote haya yanazuilika kwa mazungumzo ya dakika tano, ila mazungumzo hayo hayawezi kufanyika na mtu aliyekwishatoka getini.

Kuhusu virusi vya UKIMWI, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulikusanya takwimu za nchi 15 na kukuta kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya kila watano waliobadili jinsia alikuwa na virusi. Nchi hizo zilikuwa za Amerika, Asia na Pasifiki, na Ulaya; Afrika haikuwamo hata moja. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake kwa makundi yaliyo hatarini zaidi, liliwatenga watu hawa na wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume, kundi ambalo walikuwa wakihesabiwa ndani yake kana kwamba ni kitu kimoja. Kliniki nyingi bado huwachanganya, na mgonjwa akiona anaitwa asivyo huacha pia dawa alizopewa chini ya jina hilo. Wengine huacha dawa za kupunguza makali ya virusi kwa kuhofia kwamba zitaharibu homoni. Mtu akiwa na hofu hiyo aiseme kwa mfamasia. Dozi za dawa zote mbili hupangika, na si lazima kuchagua moja.

Kuna wahudumu wenye pingamizi, na si wote ni wakatili. Yuko muuguzi mcha Mungu anayesema dhamiri yake haimruhusu kukubali kwamba aliyezaliwa mwanamume ni mwanamke. Hakuna anayemtaka atoe shahada juu ya hilo. Muuguzi huyo humhudumia mlevi bila kukubali ulevi, mtu wa dini nyingine bila kukubali dini yake, na jambazi aliyepigwa risasi bila kuuliza alikuwa anaiba nini. Kumwita mtu jina analolitumia hakumwongezei mgonjwa wala kumpunguzia muuguzi imani. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 humpa kila mtu haki ya kutibiwa kwa staha na faragha, na haikuweka orodha ya wanaostahili.

Pingamizi jingine ni zito zaidi na halipaswi kupuuzwa: kwamba katika nchi zilizotangulia madaktari wenyewe wamegawanyika. Ni kweli. Nchini Uingereza ripoti ya Daktari Hilary Cass, iliyotolewa Aprili 2024, ilisema ushahidi wa kutumia dawa za kuzuia balehe na homoni kwa watoto na vijana ni dhaifu, na huduma hizo zikabanwa. Sweden na Finland zilikuwa zimeanza tahadhari mapema zaidi. Ni mjadala halali wa kitaalamu, na daktari wa Afrika Mashariki ana haki ya kuufuata kwa makini na kuwa mzito kuagiza dawa hizo kwa mtoto. Lakini anayeutumia kumnyima mtu mzima wa miaka 34 kipimo cha makohozi anatumia hoja ya chumba kimoja katika chumba kingine.

Wodi ndilo suala gumu kuliko yote, na ukweli ni kwamba hospitali nyingi za umma hazina jibu zuri. Alazwe wapi? Chumba cha pembeni, pale kilipo, hulinda faragha yake na utulivu wa wenzake. Pale kisipokuwapo, aulizwe yeye mahali anapojiona salama zaidi, na pazia litafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Lisilofaa kabisa ni kumwacha kwenye korido kwa siku tatu wakati uongozi unashauriana. Na halifai zaidi lile la kuwaita wanafunzi na wafanyakazi wasiohusika waje "kujifunza" kwa kufunua shuka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Picha ya simu inayozunguka katika kundi la wafanyakazi ni kosa la kisheria, hata kama aliyeipiga aliona ni mzaha.

Kwa mgonjwa mwenyewe yapo machache yanayosaidia. Anaweza kumwomba karani aandike jina la kuitia pembeni mwa kadi kwa penseli, au aitwe kwa namba. Amwambie daktari dawa zote anazotumia, hata za kununua kichochoroni. Daktari hawezi kuikinga damu isigande kwa kukisia. Mwenye mlango wa kizazi asikimbie uchunguzi wake: Shirika la Afya Duniani linapendekeza uanze miaka 30, au 25 kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, na kipimo cha virusi vya HPV mtu anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, bila kulala mbele ya mtu. Kwa wanaume wengi waliobadili jinsia hiyo ndiyo njia pekee wanayoweza kuivumilia. Wazazi nao huja kliniki, wengine kwa hasira, wengine wakiwa wamemleta kijana "arekebishwe". Hakuna dawa wala maombezi wala kipigo kilichothibitishwa kubadili utambulisho wa mtu, na mzazi anastahili kuelezwa hivyo bila kutukanwa, kwa sababu mara nyingi anayeogopa zaidi chumbani ni yeye.

Siku ile, katika kliniki ya kifua, muuguzi alikuwa na njia nyingine. Jina lilipoitwa mara ya kwanza na mtu asiinuke, angeweza kuacha kuita, akatoka na kadi mkononi, akapita benchi kwa benchi kama anayetafuta karatasi iliyodondoka. Kwa mwenye mtandio angeinama kidogo na kuuliza kwa sauti ya chini: "Samahani, unapenda nikuiteje?" Kisha angelikariri jina alilotajiwa, akaliandika juu ya kikopo cha makohozi pamoja na namba ya kadi, na kumwonyesha mlango ulipo.